Kuandika wahusika wakuu wa michezo ya uhalifu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Ukurasa huu ni wa vijana wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, miji ya madini ya Kongo, wanaoandika hadithi za michezo ya video, hasa michezo ya uhalifu, kwa sababu ndiyo inayochezwa zaidi katika vyumba vya PlayStation vya komini zetu za Kenya, Katuba na Kampemba. Maswali ni yale yanayorudi kila tunapokutana kusoma kazi za wenzetu. Majibu ni yangu, na nimeyaandika kwa urefu pale ambapo swali lenyewe linadai urefu.

Kwa nini mashujaa wa michezo ya uhalifu wanafanana hivi?

Wapange mstari mmoja uone. Tommy Vercetti wa Grand Theft Auto: Vice City (2002) ametoka gerezani baada ya miaka 15. Kazuma Kiryu wa Yakuza (2005) alifungwa miaka 10. Ichiban Kasuga wa Yakuza: Like a Dragon (2020) alifungwa miaka 18. Carl Johnson wa Grand Theft Auto: San Andreas (2004) anarudi kwao baada ya miaka 5 ili kumzika mama yake. Niko Bellic wa Grand Theft Auto IV (2008) anashuka melini, na zamani alipigana vita. Vito Scaletta wa Mafia II (2010) na Lincoln Clay wa Mafia III (2016) nao wametoka vitani.

Wengi husema ni uvivu wa waandishi. Mimi nadhani sababu kubwa ni ufundi. Mchezaji anayeanza haujui mji, kwa hiyo mwandishi anatafuta mtu ambaye naye haujui au ameusahau: mfungwa, mgeni, aliyekuwa mbali. Kabla saa moja haijaisha mchezaji atakuwa anapiga risasi, kwa hiyo mhusika awe amefundishwa, na jeshi ndilo jibu la haraka. Tena mchezaji anataka kuzurura usiku na mchana bila kuulizwa, kwa hiyo mhusika hana mke, hana watoto, mara nyingi hana hata wazazi.

Shida hizo tatu utazikuta wewe pia. Ila kila moja ina majibu mengine mengi ambayo bado hayajaguswa. Nani mwingine haujui mji? Nesi aliyehamishwa kutoka Kasenga. Msichana aliyeletwa na shangazi ili alee mtoto. Nani mwingine hushika vitu vya hatari bila kutetemeka, na hajawahi kuvaa gwanda? Mpiga baruti wa mgodini. Dereva wa lori la tindikali. Badilisha jibu la shida moja tu, na mtu mwingine kabisa anaanza kutembea.

Nikimweka mwanamke badala ya mwanamume, si nimeshamaliza?

Hapana. Mchezo wa kwanza kabisa wa Grand Theft Auto, wa 1997, toleo la kompyuta, ulikuwa na wanawake katika orodha ya kuchagua, na hakuna kilichobadilika isipokuwa picha. Saints Row 2 (2008) ilikuachia uchague jinsia, umbo na sauti. Hiyo ni zawadi nzuri kwa mchezaji, lakini hadithi inabaki ileile yeyote utakayemtengeneza.

Jiulize hivi: kama mhusika wako ni mama wa miaka arobaini, ni misheni gani anaweza kuifanya ambayo kijana wa miaka ishirini hawezi? Mama mwenye beseni la unga kichwani anapita kizuizi cha polisi bila kusimamishwa, au anasimamishwa kwa sababu nyingine kabisa. Anaingia matangani katika nyumba yoyote na hakuna atakayemuuliza ametumwa na nani. Anajua nani anadaiwa na nani katika avenyu nzima. Kwa upande mwingine, akionekana amesimama peke yake saa sita ya usiku karibu na reli, mji mzima utakuwa na maneno. Ukiyaingiza hayo katika mchezo, umemwandika mwanamke. Ukimpa bastola na koti la ngozi tu, umeandika kijana yule yule.

Basi nianzie wapi?

Anzia kwenye kazi. Kabla ya kabila, kabla ya kifo cha baba, kabla ya kovu usoni, niambie mtu huyu anakula kwa kazi gani, na kazi hiyo imemfundisha nini ambacho wengine hawakijui. Uhalifu wenye akili huota ndani ya kazi halali. Mwizi wa benki anayevunja mlango yumo katika michezo mia. Lakini mtu anayejua karatasi fulani hupigwa muhuri saa ngapi na nani hutoka kula saa hiyo, huyo bado tunamsubiri.

Mji wetu una kazi nyingi za namna hiyo. Nitazipitia chache polepole, kwa sababu hapa ndipo utajiri ulipo.

Chukua depo la kununulia madini. Wachimbaji wanaleta magunia, yanawekwa kwenye mizani, kisha mtu anasoma kwa mashine kiwango cha shaba au kobalti kilichomo. Bei inatokana na namba hizo mbili, uzito na kiwango. Malalamiko kwamba mizani na mashine hudanganya ni ya miaka mingi, na yeyote aliyewahi kuongea na mchimbaji ameyasikia. Sasa mweke msichana wa miaka ishirini na mbili aliyesoma kemia mwaka mmoja chuoni, feza ikaisha, akaajiriwa kusoma mashine ile. Bosi anataka asome chini. Kaka yake ni mchimbaji, naye yuko kwenye foleni nje na gunia lake. Hujahitaji kumuua baba wa mtu yeyote. Uhalifu umeanza kwenye namba moja iliyoandikwa kwenye daftari, na mchezaji ndiye anayeiandika.

Chukua Kasumbalesa, mji wa mpakani. Malori yenye shaba yanapanga foleni kuelekea Zambia, madereva wanalala chini ya matela, wanapika, wanakopeshana, wanaoa. Kuna mawakala wa forodha, wabadilisha pesa, wauza vitumbua, walinzi, wanawake wanaovuka na bidhaa kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Wakala wa forodha ni mhusika mkuu mzuri mno: kazi yake yote ni kujua njia. Anapoanza kuvunja sheria, kinachobadilika ni kwamba njia moja aliyokuwa akiifumbia macho sasa anaitumia yeye.

Chukua fundi umeme. Nyaya za shaba zikiibwa, kartie (mtaa) nzima inalala gizani wiki kadhaa. Anayezikata lazima ajue umeme, la sivyo anakufa palepale. Ni nani huyo? Pengine ni mtu aliyezifunga mwenyewe nyaya zilezile, akafukuzwa kazi, na sasa wale wanaonunua shaba ya magendo wamemfuata kwa sababu wanaujua ujuzi wake. Mtaa anaouweka gizani ndio anaoishi mama mkwe wake. Mchezo unaweza kukuonyesha giza hilo: zahanati imefunga, baba wa salon amekaa nje na mashine zake zimekufa, watoto wanasoma kwa mshumaa.

Kazi nyingine nitazitaja tu, mwenyewe utazijaza: mshonaji wa sare, mama anayeosha madini mtoni, mlinzi wa usiku wa nyumba za kartie ya Golf, mhasibu wa kanisa, mpiga picha za pasipoti, kondakta wa taxibus wa njia ya Ruashi.

Umaskini hautoshi kama sababu?

Hautoshi. Maskini ni wengi na wezi ni wachache. Anayeandika "alikuwa maskini, akawa jambazi" anawatukana majirani zake wote walio maskini wasioiba. Tafuta siku ile, deni lile, mtu yule.

Yaya (mkubwa wangu), kwa nini unasema deni kila mara?

Kwa sababu deni lina jina la mtu upande wa pili. Kisasi kinamfanya mhusika akimbie mbele tu. Deni linamrudisha nyumbani kila jioni.

Angalia Red Dead Redemption 2 (2018). Arthur Morgan anatumwa kudai mkopo kwa mkulima mgonjwa, anampiga, na mgonjwa anamkohoa usoni. Ugonjwa anaoupata siku hiyo, kifua kikuu, ndio unaobeba nusu ya pili ya hadithi. Wachezaji wengi hawatambui misheni ile ilikuwa na uzito gani hadi saa nyingi baadaye. Hakuna hotuba iliyohitajika.

Hapa kwetu deni lina sura zake: karo ya shule, jeneza lililochukuliwa kwa mkopo, hospitali iliyomzuia mzazi na mtoto mchanga mpaka bili ilipwe, mahari ambayo mjomba aliitanguliza na sasa anaikumbusha kila Jumapili. Chagua moja, ulifuate mpaka mwisho. Usichague zote.

Mhusika mwenye familia atachezwaje? Si atamfunga mchezaji mikono?

Atamfunga, na kufungwa huko ndiko mchezo wenyewe. Papers, Please (2013), kazi ya mtu mmoja, Lucas Pope, inakuweka mkaguzi kwenye kituo cha mpakani. Unalipwa kwa kila msafiri unayemshughulikia sawasawa. Jioni inafunguka karatasi moja: kodi, chakula, joto la nyumba, dawa, na majina ya watu wa nyumbani kwako, nani ana njaa na nani ni mgonjwa. Hatuwaoni nyuso wakizungumza. Lakini kesho yake mtu akipenyeza rushwa ndani ya pasipoti, unajua hasa kwa nini mkono wako unasita. Sijaona mchezo unaofaa zaidi kusomwa na mwandishi wa huku, anayeishi saa chache tu kutoka Kasumbalesa.

Mimi huwashauri wanaoanza waandike familia kwa njia ya simu na ya matanga. Simu inaita katikati ya misheni: shangazi yuko Likasi, anauliza mchango umefika wapi. Unaipokea au unaikata, na ukiikata mara tatu mlango fulani utafungwa baadaye. Matanga nayo ni mahali pazuri kuliko baa kwa kukutanisha maadui, kwa sababu hapo kila mtu analazimika kukaa, kusalimia, kutoa chochote kwenye daftari la michango. Mkuu wa genge na mtu aliyemsaliti wamekaa viti viwili vya plastiki, bega kwa bega, chini ya turubai. Hakuna anayeweza kutoa silaha. Mazungumzo ya tukio hilo yakikushinda, rudi kwanza ukamjue marehemu alikuwa nani kwao.

Nirudi nyuma miaka mingapi katika maisha yake?

Mpaka kwa wazazi, na pengine kwa babu, maana katika mji huu maisha ya mtu huanza kabla hajazaliwa. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa 1906, mji ukaanzishwa 1910 kwa jina la Élisabethville, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, ikiwapa posho ya unga kulingana na ukubwa wa familia. Baada ya uhuru ikawa Gécamines. Mtoto wa mfanyakazi alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akasoma shule ya kampuni, akala unga wa kampuni. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikakosekana miezi kwa miezi. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari.

Sasa hesabu umri. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 2003, baba yake akirudi na bahasha ya mwisho, leo ana zaidi ya miaka thelathini. Amemwona baba aliyeheshimiwa na kartie nzima akikaa nje ya nyumba bila kazi, na mama akianza kuuza makala (mkaa) na samaki wakavu. Usimweleze mchezaji haya yote. Mpe baba, kofia ya kazini iliyotundikwa ukutani, na mazoea ya kuamka alfajiri kwa king'ora ambacho hakilii tena.

Ukitaka mchezo wa zamani kabisa, historia imejaa: mgomo wa Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipopigwa risasi uwanjani, miaka ya kujitenga kwa Katanga, 1960 hadi 1963, mwaka 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa na kukaa stesheni zikingoja treni. Hilo la mwisho liandike kwa moyo mzito na masikio wazi, kwa kuwa waliofukuzwa na waliofukuza bado wanakutana sokoni. Kabla ya kuandika, nenda ukawasikilize wazee. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekusanya masimulizi ya maisha ya watu wa mji huu kwa miaka mingi. Mwandishi wa michezo anayetafuta namna mtu wa kawaida anavyosimulia maisha yake hawezi kupata shule bora kuliko masimulizi ya namna hiyo.

Nimpe jina gani?

Jina linaloendana na mwaka wake wa kuzaliwa. Mwaka 1972 Mobutu aliyapiga marufuku majina ya Kikristo, kwa hiyo mzee aliyezaliwa katikati ya miaka ya 1970 ana majina ya asili tupu kwenye karatasi, hata kama nyumbani aliitwa Joseph. Mwanawe anaweza kuitwa Gloire au Merveille. Ukimwita mhusika Kabange, msomaji wa huku tayari anauliza Kyungu yuko wapi, maana hao ni pacha. Litumie hilo, au chagua jina lingine.

Jambo moja ninalolisimamia bila kulegeza: majambazi wako wote wasiwe wa kabila moja na mashujaa wa lingine.

Wahusika wakuu wangapi?

Mmoja au wawili kwa kazi ya kwanza. Grand Theft Auto V (2013) ilifanikiwa na watatu kwa sababu wanakaa katika ngazi tatu za biashara ileile: Michael ameshastaafu na pesa inamchosha, Franklin ndiyo kwanza anapanda, Trevor hajawahi kutulia. Watch Dogs: Legion (2020) ilijaribu jambo la ujasiri, mchezaji amchukue mtu yeyote barabarani London na kila mmoja na uwezo wa kazi yake, hata mfuga nyuki. Wazo la kazi naliheshimu sana. Lakini ukiwa unaweza kuwa kila mtu, hakuna unayemlilia akifa.

Asili ya mhusika niionyesheje bila hotuba ndefu?

Iweke mikononi mwa mchezaji. Mafia ya 2002 inamleta Tommy Angelo, dereva wa teksi, ambaye watu wawili wenye bunduki wanamlazimisha awatoroshe. Kisha mchezo unakufanya ufanye kazi ya teksi, uchukue abiria, uwapeleke, upokee nauli. Baada ya hapo hakuna haja ya kuambiwa alipoteza nini.

Mafia III inafanya zaidi. Lincoln Clay ni mtu mweusi katika mji wa Kusini mwa Marekani mwaka 1968, na mji wenyewe unamjibu hivyo: polisi wa mitaa ya matajiri weupe wanamkazia macho na kuja haraka wakiitwa, wa mitaa ya watu weusi wanachelewa, na kuna maduka ambayo kuingia tu ni kosa. Asili yake imeandikwa ndani ya sheria za mchezo. Nakuomba uusome mchezo huo kwa kalamu mkononi, kisha ujiulize mji wetu unamjibu nani vipi. Nani anaitwa "papa" na askari, nani anaitwa "we kadogo"? Nani akiingia hoteli kubwa analetewa kiti, na nani anaulizwa anamtafuta nani?

Mazungumzo yawe Kiswahili gani?

Kila mtu na chake. Mchungaji anapanda na Kiswahili cha Biblia, mwanafunzi anachanganya na Kifaransa, dereva ana maneno ya Kibemba aliyoyaokota Ndola na Kitwe, na bibi wa Katuba anasema "ile feza njo ya matanga" bila kumwomba mtu ruhusa. Mhusika mmoja pia habaki na sauti moja: kwa mkwe anasema hivi, kwa mwenzake wa genge vile.

Njia ya kuyapata ni kuigiza kwanza, kuandika baadaye. Kundi la Mufwankolo, lililojulikana mjini hapa kwa maigizo ya redio na televisheni, halikuanza na mazungumzo yaliyoandikwa: walikubaliana mpango wa tukio, kila mmoja akaijua nafasi yake, wakaingia. Fanyeni hivyo na simu ikirekodi. Toa kwenye sauti zile mistari mitatu au minne tu, ndiyo iliyo hai.

Mtu aliyefanya uhalifu akiwa mhusika wangu, si namsifia?

Ukimwacha bila watu wanaoumia, ndiyo, unamsifia. Swali hili huulizwa na wazazi, na nalichukulia kwa uzito, kwa sababu katika mji huu karibu kila familia imewahi kuingiliwa usiku. Msomaji wako ni yule aliyelala chini ya kitanda akisikia mlango unavunjwa. Mwandikie na yeye.

Kwa hiyo mpe aliyeibiwa jina na kazi kama ulivyompa mwizi. Mchezaji akikata nyaya, kesho apite mtaa uleule. Akimpora mbadilisha pesa, wiki ijayo meza yake iwe tupu na mtoto wake awe nje ya shule. Siamini katika kumwadhibu mhusika mwishoni ili kumfurahisha mwalimu. Naamini katika kumwonyesha mchezaji kitendo chake kilifika wapi.

Naweza kutumia kisa cha kweli cha jambazi wa mtaani kwetu?

Chukua ufundi wake, acha jina, avenyu, parokia na watoto wake. Ndugu zake bado wanaishi hapo. Na kama alikuambia kwa siri, siri hiyo ni yake.

Shujaa akiwa polisi?

Inawezekana, na Sleeping Dogs (2012) ni mfano wa kusoma: Wei Shen ni polisi aliyepenyezwa katika genge la Hong Kong, alikoishi utotoni, na kila rafiki anayempata ni mtu ambaye yeye mwenyewe anatakiwa kumsaliti. Kwa huku, mwandike askari ambaye mshahara unachelewa na sare inamlazimu kuinunua mwenyewe. Usimfanye malaika wala mnyama.

Na uchawi?

Kama mhusika anauamini, uwepo katika maamuzi yake. Anaweza kukataa kupita njia fulani usiku, au kutoa pesa ya genge kwa mganga kabla ya kazi. Lakini usiutumie kufungua fundo lililokushinda katika hadithi.

Mchezaji wa mbali ataelewa nini kuhusu Lubumbashi?

Ataelewa kadiri utakavyokuwa wazi na makini. Yakuza imejengwa juu ya mtaa mmoja wa kubuni wa Tokyo, unaofuata sura ya Kabukichō, pamoja na vyakula vyake, vibanda vyake, namna zake za kuinamiana, na watu wa mabara yote wanaucheza. Mwaka 2025 ilitoka Mafia: The Old Country, ambayo shujaa wake, Enzo, aliuzwa akiwa mtoto kufanya kazi katika machimbo ya salfa ya Sicily mwanzoni mwa karne ya 20. Nilipomwona anabeba mzigo gizani nilifikiria mara moja vijana wa Kolwezi. Studio ile haikuandika kwa ajili yetu, lakini tulielewa kila kitu. Nayo studio ya Nyamakop ya Johannesburg ilitangaza mwaka huohuo mchezo wa Relooted, ambao kundi la Waafrika linapanga kuchukua tena vitu vya kale vya Kiafrika vilivyoko katika makumbusho ya Magharibi. Huo ni wizi wenye swali ndani yake, na wahusika wanaoingia wana sababu ambayo hakuna Vercetti aliyewahi kuwa nayo.

Kwa hiyo hata kwenye chakula, acha bukari iwe bukari na sombe iwe sombe. Usisimamishe hadithi kumweleza mgeni.

Sina kompyuta nzuri wala sijui kuandika programu. Nianze na nini?

Anza na daftari, kisha programu ya Twine. Ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti ukishaiweka, na inakuruhusu kuunganisha vipande vya hadithi kwa machaguo. Ren'Py inafaa ukiwa na mchoraji, maana imetengenezwa kwa hadithi zenye picha na mazungumzo, na kazi yake inaweza kuchezwa kwenye simu ya Android. Lugha ya ink, iliyotolewa bure na studio ya inkle, ni nzuri kwa mazungumzo yanayokumbuka mchezaji alisema nini mwanzo. Godot, programu ya kutengenezea michezo kamili, iache mpaka upate mwenzako anayependa hesabu.

Kazi ya kwanza tunayowapa wote ni ndogo: siku moja ya mhusika, kutoka kuamka hadi kulala, machaguo manne, mtu mmoja anayemdai, hakuna silaha. Ilete ikiwa imechapishwa au kwenye simu, na uhifadhi nakala kwenye flashi kila unapomaliza ukurasa, kwa sababu umeme hautakungoja.